Bakuli la Tatu Kisiwani Koyama

Harufu ya mkate wa mofa ukibanduliwa tanurini hunirudisha Koyama mpaka leo. Watu huniuliza siri ya afya yangu, mtu wa makamo nisiyejua mlango wa hospitali. Nawaambia: asubuhi mofa wa mtama na mchuzi wa samaki, jioni kunde kwa tui jepesi, basi. Shule sikusoma, lakini mikahawa miwili Mombasa ni yangu, sikurithi kwa mtu. Ulaji huo wa mofa na kunde alinipa mama. Mimi nilimpa hofu.

Vita vilipotutoa Kismayu, baba akiwa amekwisha kufa, mama, kaka yangu Athmani na mimi tulijificha vichakani Koyama. Wenye bunduki walikuwa wakikamata vijana wawabebee mizigo, na waliokamatwa hawakurudi. Athmani alikuwa na miaka kumi na sita. Mama alipika mara moja tu, alfajiri, kwa makaa, moshi usionekane. Cha jioni tulikila baridi.

Asubuhi moja tumekaa na mabakuli yetu matatu, tukasikia nyayo. Athmani akajitupa nyuma ya kichaka. Mimi, mtoto wa miaka saba niliyefundishwa kwamba mtu akipita unakula humwachi hivi hivi, nikapaza sauti: "Karibuni!"

Wakaja wawili, bunduki begani. Uso wa mama ukawa rangi ya majivu.

"Mama, mko wawili," akasema mmoja kwa Kisomali. "Bakuli la tatu la nani?"

"Lako, mwanangu. Mtoto amekuita, nisikutilie?"

"Loo! Anatuita kama wajomba zake!" mwenzake akacheka.

Wakaketi. Wakala polepole, wakasifu mchuzi, na mimi nikiona majani yanatikisika nyuma ya migongo yao. Mama akakohoa, akakohoa tena. Walipomaliza wakabeba na sufuria, wakaenda zao.

Athmani alitoka amelowa jasho. Mama hakunipiga. Alisema tu, kwa lugha yetu ya visiwani, "Mchu akila, anyamae," yaani mtu akila, anyamaze.

Nilikua nikijigamba kwamba ukarimu wangu ndio uliomwokoa kaka. Huko Mombasa, tulikokimbilia baadaye, jirani akipita tunakula, mama alifunika chakula, akainama kimya. Wakamwita mchoyo, nami nikamwonea haya.

Kisha mwanangu akatimiza miaka saba. Siku moja tunakula, nikamsikia akimwita mpita njia asiyemjua, kwa sauti kubwa, aje ale. Kiganja changu kilikuwa kimeshamziba mdomo kabla sijafikiri. Akanitazama, macho yamemtoka, asijue amekosa nini.

Hapo ndipo nilipomjua mama yangu.