Chokaa Juu ya Ukuta Mbichi

Kila alipoitwa kupaka chokaa, fundi yule wa kijiji cha Rugu alianza kwa kuegemeza shavu ukutani, viganja vyake vilivyochubuliwa na chokaa vikipapasa udongo. Kwangu alikaa hivyo muda mrefu.

“Ukuta bado mbichi, bwana. Ungoje wiki tatu.”

Harusi ya binti yangu Adelgunda ilikuwa Jumamosi, nikamwamuru apake. Siku ya harusi, wageni wakinywa rubisi, pombe ya ndizi, chokaa ilibanduka ikawaangukia wakwe mabegani.

“Fundi alikuwa amelewa,” nikasema, wote wakisikia.

Alikuwa amesimama mlangoni, naye hakuwahi kuonja pombe. Aliinama, akaokota vipande kimoja kimoja, akaondoka. Hakuna aliyemwita kazini tena. Tukikutana njiani hunivulia kofia, nami huitikia.