Mtahini Aliyepitwa na Mpira

Juma lililopita, kwenye ofisi ya leseni za udereva hapa Grand Prairie, nilimkalimania mama mmoja Mkongo. Alikuwa ameanguka mtihani mara mbili, na ghala lililomwajiri halifikiwi na basi.

"Niko naogopa nitakosa tena," aliniambia.

Mtahini, mzee mwenye vidole vilivyopinda, aliuliza mama amesema nini. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

"Nilicheza besiboli," alisema. "Miaka kumi na mmoja ligi ndogo, siku tisa ligi kuu. Mpira wa kwanza kupigwa upande wangu ulinipita katikati ya miguu, uwanja mzima ukanizomea. Nikaomba mwingine uje kwangu."

Nilipotafsiri, mama akauliza, "Na ulikuya?"

"Ulikuja siku ya tisa. Niliudaka vizuri, na kesho yake wakanirudisha ligi ndogo."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge, kisha akaenda kuendesha. Aliporudi amefaulu, alimshika mtahini mkono kwa mikono yote miwili, akapiga goti kidogo. "Aksanti sana, papa," akasema, yaani baba. Hapo sikuhitajika kukalimani.

Nchi hii niliyohamia imenipa washauri wengi, na karibu wote hunisimulia walivyofaulu. Huyu mmoja namshukuru kwa kusimulia alivyokosea.