Tela la Waliofungwa

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, siku tuliyofungwa magoli arobaini na moja kwa matano katika uwanja wa shule kule Kilosa mjini. Watoto wa mjini walikuwa wanahesabu kwa sauti, wote kwa pamoja, kama wanaosoma hesabu ubaoni. Walipofika thelathini niliomba mvua inyeshe. Haikunyesha. Wakahesabu mpaka mwisho.

Ulikuwa mpira wa pete, netiboli. Nyinyi mabinti wa leo mnacheza mpira wa miguu na hakuna anayeshangaa. Enzi zetu ile sketi tu ya michezo ilitosha kumnunisha baba wa mtu wiki nzima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshamaliza shule, nalima na mama yangu hapa Masanze, na Jumamosi nikiwa mfungaji wa timu ya kijiji. Mfungaji ndiye anayesimama chini ya pete na kutia mpira. Kwa hiyo yale magoli matano yalikuwa yangu. Moyoni nikajiambia kwamba yale arobaini na moja hayanihusu, ni ya wenzangu wa nyuma. Ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia kwamba jana mmefungwa tena, na kabla hata hujavua viatu ulikuwa umeshajitoa kwenye grupu la timu. Sikukuita nikugombeze. Kufungwa kunauma, na anayekuambia hakuumi hajawahi kucheza. Nimekuita kwa sababu na mimi niliwahi kujitoa, na wakati huo hakukuwa na simu ya kubonyeza. Ilibidi nitumie uongo.

Nahodha wetu aliitwa Leokadia. Babu yake aliletwa huku zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, mkonge ukaisha, yeye akabaki. Baba yake, Mzee Simoni, alikuwa dereva wa trekta la kulimia. Siku za mechi alifunga tela nyuma ya trekta, akatupakia wote saba, akatupeleka. Hakujua sheria hata moja ya netiboli. Mpaka anaingia kaburini aliamini kwamba refa huwa ni ndugu wa timu nyingine. Mechi ikianza alitandika gunia chini ya tela akalala, ikiisha akaamka, akauliza, "Mko wote?" Tukiitika, anawasha trekta. Hakuuliza matokeo hata mara moja.

Ile ya Kilosa ilikuwa mechi ya tatu mfululizo tunafungwa. Watu wakatupa jina, Kapu, kwa kuwa kila kinachotiwa tunapokea. Nikienda gulioni kununua dagaa, muuzaji ananiambia, "Karibu Kapu, leo nikutilie mangapi?" Watu wanacheka. Mimi nilirudi nyumbani kwa hasira. Leokadia akitaniwa vilevile alijibu, "Kapu lina kazi kila nyumba, mama," kisha akanunua dagaa zake akaenda. Nilimwona hana akili. Leo najua alikuwa na akili kutuzidi sote.

Basi katika hali ile akatokea mama mmoja wa Mikumi, tumwite Mama Sara, mwenye mgahawa kando ya barabara kuu wanakosimama madereva wa malori. Alikuwa analea timu ya mabinti pale mjini, timu inayoshinda. Alikuwa ameniona nikicheza Kilosa. Akanifuata gulioni.

"Wewe binti mrefu," akaniambia, "unaoza huku. Njoo Mikumi. Utalala kwangu, utakula kwangu, na raba mpya nitakupa."

Sikuwahi kuvaa raba mpya, mwanangu. Nilikuwa nachezea za kaka yangu, nimezijaza matambara mbele. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi methali hiyo niliijua, nimeiandika shuleni kwa mwandiko mzuri. Lakini methali ya daftarini ni kitu kimoja, na raba nyeupe iliyo mbele ya macho ni kitu kingine.

Kama ningemwendea Leokadia nikamwambia, "Dada, naondoka," ingekuwa aibu ya siku moja. Niliogopa uso wake. Nikamwambia nimeteguka mguu, siwezi kucheza mwezi mzima. Mama nikamwambia naenda Mikumi kumsaidia kazi mama mmoja wa mgahawa. Nikadandia lori la mahindi, nikaenda.

Wiki mbili baadaye nilirudi nyumbani kuchukua nguo. Nikamkuta mama uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua uso.

"Walikuja wenzako," akasema. "Wote sita, na Leokadia mbele. Wamekuja kuutazama mguu wako."

Nikachutama, nikachukua hindi nami nipukuchue.

"Mimi nikawauliza, mguu upi? Yule binti akaniangalia, kisha akasema, labda tumekosea, mama. Wakaacha mayai kumi, na mafuta ya nyonyo ya kukuchulia. Yako ndani. Utayala wewe. Mimi nimeshindwa."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini fedheha yake ina urefu wake wa pekee. Hapo nilitakiwa kutoka mbio mpaka kwa Leokadia nikapige magoti. Sikwenda. Mtu akiona aibu sana, mwanangu, mara nyingine huvaa ukali ili aifiche. Nikajiambia kwamba wamekuja kunichunguza, si kunijulia hali. Nikafunga nguo zangu, nikarudi Mikumi.

Na ratiba ikapangwa: Mikumi na Masanze, uwanja wa Mikumi, Jumamosi saa nne asubuhi.

Walifika na tela, wametoka Masanze usiku kabla jogoo hajawika, nguo zimejaa vumbi jekundu, wamejifunga khanga vichwani. Wako sita. Hawakumpata wa saba. Refa akawauliza kama wataweza, Leokadia akasema wataweza. Nafasi ya mfungaji, nafasi yangu, wakaiacha wazi. Walipopata mpira waliupeleka mpaka mbele, wakamkosa wa kumpa mahali pale nilipozoea kusimama, ukapotea. Mimi nilikuwa upande wa pili na raba zangu, natia. Nilitia mengi siku ile. Kila nikitia, wenzangu wapya wanashangilia, na mimi nasikia kama mtu anayetafuna mchanga.

Mechi ilipoisha Leokadia akapita akitupa mikono wote mmoja mmoja. Alipofika kwangu akanipa mkono kama alivyowapa wengine.

"Umecheza vizuri," akasema.

"Asante," nikasema.

Tukaenda mgahawani, tukala wali na nyama. Baada ya kula kila mmoja akaenda kwao. Wale mabinti walikuwa wenyeji wa Mikumi, mama zao wako mtaa wa pili. Mimi nilitakiwa kurudi Masanze kupalilia na mama, na Mama Sara alikuwa ameniahidi lori la jamaa yake. Nikamuuliza.

"Aa, lile limeshapita kwenda Morogoro," akasema, anahesabu sahani. "Simama njia panda, hukosi usafiri. Mechi ijayo nitakuita." Sisemi alikuwa mbaya. Alitaka magoli, nami nilimpa magoli. Biashara yetu iliishia hapo.

Nikasimama njia panda ya kwenda Kilosa, jua la saa saba kichwani, kifurushi mkononi. Yakapita magari mawili yaliyojaa. Kisha nikasikia mlio niliouzoea tangu utoto wangu. Trekta. Nilitazama pa kujificha, kichaka hakuna, ukuta hakuna. Mzee Simoni akaniona. Akasimamisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unaelekea nyumbani?"

"Ndiyo, baba."

Nikashika chuma cha kupandia mbele, nikitaka nikae pembeni yake pale juu, nisiwatazame wenzangu. Akatikisa kichwa.

"Siyo hapa. Panda nyuma, kwa wenzako."

Nikapanda. Sijawahi kupanda mahali pagumu kama pale, na nimepanda milima ya Vidunda na mzigo wa ndizi kichwani. Wasichana sita walikuwa wamekaa juu ya magunia, wawili wamelala, mmoja goti linamtoka damu. Goti lile nililiumiza mimi, maana tulianguka pamoja tukigombea mpira. Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi kama wangenitukana. Leokadia akasogea kidogo, akapiga gunia kwa kiganja. Nikakaa hapo.

Tukaenda mwendo mrefu. Baadaye mmoja akatoa mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa, akaigawa, na mkono ulipofika kwangu haukuniruka. Nilikishika kile kipande sikuweza kukila. Mbele kidogo mmoja wao akaanza kumuigiza refa alivyokuwa anapuliza filimbi na mashavu yake, wakacheka, mpaka yule mwenye goti akacheka. Walikuwa wamefungwa, wamechoka, na wanacheka. Mimi niliyeshinda ndiye niliyekuwa nalia, uso nimeugeuzia mashamba ya ufuta.

Tulifika Masanze jua linaelekea kuzama. Wengine wakashuka. Mzee Simoni akanifikisha mpaka penye njia ya kwetu, akazima injini, na yule mzee hakuwa mtu wa kuzima injini ovyo, maana kuiwasha ilikuwa kazi.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi mpira wenu siujui. Wenye kujua wanasema wewe ni hodari wa kutia. Sawa. Lakini mimi nimewapakia hawa watoto miaka mitatu, na jambo moja nimeliona. Kwenda, kila mtu anaimba. Timu naijua wakati wa kurudi. Wewe hukuwakosesha mfungaji. Mfungaji watafundisha mwingine. Umewakosesha mtu wa kurudi naye."

Nikataka kusema samahani. Akainua mkono.

"Mimi hukunikosea. Nenda ukaoge, mama yako anakusubiri."

Siku ya pili, Jumapili, nilingoja Leokadia atoke kanisani. Nikaona watu wengi, nikarudi. Jumatatu alfajiri nikachukua jembe, nikamfuata shambani kwake. Aliniona, akaendelea kupalilia. Nikaingia mstari wa pili, na mimi nikapalilia. Tulilima mpaka jua la saa nne. Mwishowe nikasimama.

"Leokadia, mguu wangu haukuteguka."

"Najua."

"Nilidanganya. Niliona aibu ya kufungwa. Nisamehe."

Akajifuta jasho kwa upindo wa khanga. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndiyo mara ya kwanza kumwona hivyo, maana hata ile mechi ya arobaini na moja hakuililia. "Tuliomba kwa jirani yale mayai," akasema. "Tulijua unaumwa." Nikakosa pa kuuweka uso. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Jumamosi tunacheza na kijiji cha Ulaya. Na tutafungwa."

"Nakuja."

"Nimesema tutafungwa."

"Nimesikia. Nakuja."

Raba za Mikumi nilizirudisha kwa mwenyewe. Na Ulaya tukafungwa, tena sana, na mimi nikiwa peku, maana zile za kaka nilishazitupa. Kelele za Kapu zikaendelea, nikajifunza kuzijibu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilidhani maana yake ni kupeana mikono baada ya mechi, kumbe ni kurudi mazoezini Jumanne. Msimu ule hatukushinda hata moja. Msimu uliofuata tulishinda moja, dhidi ya mabinti wa Kilangali, kwa goli moja, na goli lenyewe sikulitia mimi. Nilimpa mwenzangu pasi. Tulirudi Mzee Simoni akipiga honi njia nzima, na hapo ndipo alipouliza kwa mara ya kwanza, "Kwani leo imekuwaje?"

Timu ile ilikufa yenyewe taratibu, mmoja akaolewa Kimamba, mwingine akahamia Mikumi, mimi nikapata mimba ya mama yako. Kombe hatukuwahi kulishika. Lakini mama yangu alipofariki, walionisaidia kumwosha ni watatu wa timu ile, Waislamu wenzangu, na wawili Wakristo, Leokadia na mwenzake, wakawa jikoni siku tatu wanawapikia waombolezaji. Hakuna aliyewaita. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki, mwanangu, hujifunzwa mapema, kwenye vitu vidogo kama kufungwa mpira.

Sasa nisikilize vizuri. Sikuambii kwamba mtu haachi timu kamwe. Maisha yana safari zake, na ipo siku utaondoka. Ukiondoka, pita mlangoni, aga, waambie ukweli machoni mwao. Ila usiondoke siku ya kufungwa. Siku hiyo macho yana moshi, na mtu hachagui njia kwenye moshi. Lia kama unataka kulia, mimi nitakushikia uso. Usiyagawe magoli, haya yangu yale yao. Mkishafungwa ni yenu wote. Anayekutania mjibu kwa mdomo laini au mwache apite. Na wenzako wakikusogezea nafasi, kaa, hata kama unaona hustahili. Kisha leo hii, kabla hujala, mpigie nahodha wako umwambie, "Nilikasirika, nimerudi." Maneno mawili hayo ni mazito, nayajua uzito wake, lakini yakishatoka kifua kinakuwa chepesi.

Mungu akupe miguu yenye mbio na moyo usiokimbia. Akupe ushindi, maana ni mtamu nami nakuombea uuonje, na siku akikunyima akupe watu wa kurudi nao nyumbani, na wewe akujaalie uwe mtu ambaye wengine wanashukuru kurudi naye. Amina, mwanangu. Haya, chukua simu yako.