Mabano Mawili Matupu

Mpaka leo nikiikumbuka ile barua ya onyo, damu inanichemka. Aliandikiwa muuguzi mkuu wa zahanati moja ya Ilula, kwamba ni mzembe, hajazi mizio ya wagonjwa kwenye mfumo. Mfumo huo niliutengeneza mimi, nikiwa ofisini Mbeya. Na mimi, bila aibu, nilimuunga mkono bosi wangu aliyeiandika. "Watu wa zahanati hawapendi kompyuta," nilisema.

Kilichonitoa ofisini ni simu ya yule muuguzi. Alikuwa amempokea mtoto mgonjwa, skrini ikaonyesha hana mzio wowote. Sindano ya penisilini ilikuwa tayari mkononi, ndipo akamkumbuka kwa sura: ni yule aliyewahi kuvimba uso mzima kwa dawa hiyo hiyo.

"Mzio wake niliujaza mwenyewe," aliniambia. "Njoo uone kwa macho yako."

Kesho yake nikapanda basi. Nilimpa shikamoo, akaiitikia kwa mkato, akakaa kwenye kompyuta. Akaandika mzio wa mgonjwa wa majaribio, akabonyeza kuhifadhi. Mfumo ukajibu: imehifadhiwa. Akalifungua faili lile lile upya. Tupu.

"Haya, mdogo wangu. Mzembe nani sasa?"

Niliingia kwenye kanzidata. Safu ya mizio, niliyoipanga itunze JSON, yaani taarifa zilizoandikwa ndani ya mabano, ilikuwa na mabano mawili tu, {}, kwa kila mgonjwa. Kwenye programu, mzio nilikuwa nimeuunda kama kitu chenye sehemu zake: dawa, dalili, tarehe. Sehemu hizo nilizifunga zisiguswe ovyo kutoka nje, kama tulivyofundishwa chuoni. Kumbe chombo kinachogeuza vitu kuwa JSON nacho kimesimama nje, na sehemu kisizoziona kinaziruka. Hakilalamiki, hakionyi. Kinaandika mabano matupu, halafu mfumo wangu unatangaza imehifadhiwa! Nani alikaa akaona huo ni utaratibu mzuri? Na mimi, kwa nini sikuwahi hata mara moja kusoma kile nilichokihifadhi?

Nilirekebisha pale pale, nikaandika wazi ni sehemu zipi zitolewe na zirudishweje. Lakini mizio ya nyuma ilikuwa imepotea. Bahati nzuri sista alikuwa na daftari lake, kwa sababu hakuwahi kutuamini. Siku mbili yeye alisoma, mimi nikachapa.

Nilimpigia bosi nikamweleza kosa ni langu, barua ifutwe na aombe radhi.

"Si mfumo umeshakaa sawa?" akasema. "Tusonge mbele."

Nikamwambia sigusi kazi nyingine mpaka ampigie sista. Alimpigia siku ya tatu, nikiwa nimekaa pembeni ya sista. Barua aliifuta. Neno samahani halikumtoka, alisema kulikuwa na "changamoto ndogo ya kitaalamu." Sista alikata simu, akaenda kumwita mgonjwa anayefuata.