Jinsi ng'ombe za baba zilivyomfundisha mjukuu wangu mawaziri wakuu wa Kongo

Wakuu wa jukwaa hili, na akina mama wakuu kama mupo, amani ya Mungu iwe kwenu.

Mimi ni bibi wa Nakivale, kambi ya Uganda, kijiji cha Misiera, mkimbizi wa Kongo, mtu wa milima ya juu ya Uvira. Nilisoma mpaka darasa la tatu, basi. Naandika kwa kidole kimoja, musinikimbize.

Na hii ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, mvua iruke shamba langu la maharage inyeshe kwa jirani.

Juzi niliona uzi humu watu wazima wanatukanana juu ya mawaziri wakuu wa Kongo. Huyu ni wa ngapi, yule aliondoka lini, nani msaliti. Nikacheka peke yangu. Nikasema hawa wana digrii, lakini hawakufuga.

Acheni niwaambie yetu.

Mjukuu wangu anaitwa Asifiwe. Binti yangu alimzaa hapa Nakivale, akafariki mtoto hajaota meno. Nimemlea mimi. Kongo hajaiona hata kwa mbali. Mwaka jana alimaliza senior four, ndiyo kidato cha nne, hapa settlement na maksi nzuri sana. Sisemi hivyo kwa sababu ni wangu.

Hapana, nasema kwa sababu ni wangu. Kila mtu asifu mtoto wake.

Sasa kuna shule moja pale Biharwe, upande wa Mbarara njia ya kwenda Masaka. Jina naliweka mfukoni. Ilitangaza nafasi moja ya senior five kwa mtoto mkimbizi, kusoma bure mpaka amalize. Nafasi moja, watoto saba. Mimi sina kingine cha kumpeleka senior five. Asipoipata ile, ni jembe na mimi.

Kila mtoto alichota karatasi ndani ya kofia. Somo liko mle. Unarudi baada ya wiki moja, unasimama mbele ya panel ya wakubwa wa shule, unaeleza kwa kichwa, huna daftari.

Mmoja akachota vyakula vya nchi yako. Mwingine harusi. Wangu akachota: mawaziri wakuu wa nchi yako tangu uhuru.

Wa Kongo, wakuu! Munajua wako wangapi?

Siku tatu Asifiwe alimeza majina kwenye simu. Asubuhi anayajua, mchana yamechanganyika kama mchele na mawe. Siku ya nne nikamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku analia.

"Koko," hivyo ndivyo anavyoniita, "majina ni mingi, haiingie mu kichwa. Banaingia, banatoka, sawa batu ba ku pompe ya maji."

"Nani alikuambia siasa inashikwa na majina? Weka hiyo telefone chini. Leo nitakuhesabia ng'ombe."

"Mimi nalilia mawaziri, wewe unaleta ng'ombe?"

"Ikala."

Akakaa.

Hapa nitoke kidogo nje ya njia, mutanisamehe.

Baba yangu alikuwa na radio moja na ng'ombe wengi. Desturi yake ilikuwa hii: leta, ndiyo serikali, ikitangaza waziri mkuu mpya, ndama wa kwanza kuzaliwa nyuma ya tangazo hilo anapewa jina la waziri yule. Wasio wafugaji wasikasirike. Kwetu ng'ombe kubeba jina lako ni heshima, siyo tusi.

Jioni zikirudi, baba anasimama mlangoni mwa zizi anaziita kwa mpangilio, toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Na zile zilizokufa anazitaja vilevile, hakuna kuruka. Sisi watoto tunaitikia. Kama ng'ombe yupo, tunasema "Iko!" Kama hayupo, "Ilikufa!"

Shule yangu ilikuwa mlango ule.

Na tangu vita ile iliyokula ng'ombe zetu, sikuwahi kuita tena. Miaka mingi. Mdomo ulikuwa unakataa. Asifiwe hakujua hata kama mimi ni mtoto wa ng'ombe. Alinijua bibi wa maharage.

Siku ile nikaita.

Majina siyaweki humu, mutaanza kutukanana. Nawapa ng'ombe tu.

Wa kwanza alikuwa bihogo, mwekundu wa kukoza, mrembo, mwenye makelele. Hakumaliza hata misimu miwili, chui akamchukua. Na waziri mwenyewe munajua walivyomuua. Baba alikuwa analitaja jina lile polepole kuliko mengine yote.

Wakafuata wengine wa haraka haraka. Mmoja alikuwa gaju, rangi ya mtama. Alivunja ua akahamia zizi la jirani, halafu siku moja akarudi akataka kuongoza kundi lote. Asifiwe akaruka: "Ni ule wa Katanga! Alitaka kukata inchi, kisha akarudia akakuwa waziri!" Nikamwambia umeona? Umeanza kuchunga.

Kuna ndama alizaliwa mfu. Yule ni waziri ambaye rais alimchagua, bunge likamkataa.

Halafu dume la vita, ndiye mwanajeshi. Nyuma yake, na hili siku ile nilikuwa nimelisahau, rais mkubwa akafuta cheo chenyewe, akashika yote mkono wake. Cheo kilirudi baadaye na jina lingine, kisha na jina lake.

Mbele huko kuna ng'ombe aliyezaa mapacha. Mwaka ule Kongo ilikuwa na mawaziri wakuu wawili kwa mara moja, kila mmoja anasema mimi ndiye, wanasukumana kwenye titi moja. Asifiwe alicheka mpaka akaacha mchi.

Mapacha walikuwa karibu na mwisho wa kundi letu. Vita ikaja. Na cheo nacho kikafutwa tena kwa miaka, kikarudi baada ya uchaguzi na mtu mmoja mzee sana, aliyekuwa msaidizi wa yule wa kwanza kabisa. Hao wa mwisho hawana ng'ombe. Asifiwe aliwashika kwa simu, mpaka huyu wa sasa ambaye ni mwanamke, wa kwanza tangu uhuru.

Sasa kosa langu.

Nyuma ya yule mwanajeshi nilimwekea ng'ombe mmoja mweusi mwenye doa jeupe usoni. Baba alimuita Waziri, basi. Alikaa miaka mingi, aliongoza kundi, maziwa hayaishi. Asifiwe akatafuta kwenye simu.

"Koko, huyu simuone. Inaandika miaka ile hakukuwaka waziri."

"Simu imezaliwa jana. Mimi yule nilimkamua kwa mikono hii."

"Lakini Koko..."

"Unamubishia aliyekamua?"

Akazima simu. Mtoto mwenye adabu. Laiti angekuwa mkaidi siku ile.

Siku ikafika. Tukatoka Rwekubo, senta yetu ya hapa Nakivale, asubuhi na gari, tukafika Biharwe mapema, nimevaa kitenge changu cha ibada.

Panel ilikuwa watu watatu. Mkuu wa shule, mama mwenye miwani. Mwalimu wa historia, Mkongomani mwenzetu. Na mzee mmoja Munyankore, mwenyeji wa pale, wa bodi ya shule, mfugaji, fimbo yake kati ya magoti. Wazazi tukakaa nyuma.

Asifiwe akasimama. Akasema, "Nitawaeleza mawaziri kwa ng'ombe za baba wa bibi yangu." Mkuu wa shule akavua miwani. Nikajua tumekwisha.

Lakini alipotaja bihogo, yule mzee akasogea mbele na kiti chake.

"Wewe mtoto, unajua bihogo?"

"Ndiyo mzee. Na gaju."

"Eeeh! Endelea, endelea."

Wakuu, mtoto aliteremka kama maji. Mwenye makelele, mvunja ua, ndama mfu, dume la vita. Kwa kila ng'ombe anatoa jina kamili la waziri na jinsi alivyotoka. Watu wanacheka, wazazi wa wenzake wanapiga makofi.

Akafika kwa yule mweusi. "Baada ya mwanajeshi alikuja mmoja aliyekaa miaka mingi, walimuita Waziri tu."

Mwalimu Mkongomani akainua kalamu.

"Simama hapo. Miaka ile cheo kilikuwa kimefutwa. Huyu umemtoa wapi?"



Asifiwe akageuka akaniangalia. Hakusema "Koko ndiye aliniambia." Angeweza. Alibeba kosa langu mbele ya watu, na nafasi yake inatoka mkononi ninaona.

Na pale pale nikakumbuka.

Nilikuwa mdogo, bado sijang'oka meno ya mbele. Radio ilisema hakuna tena waziri mkuu. Wiki ile ile ndama akazaliwa, tukamuuliza baba, huyu ataitwa nani? Baba akaangalia mlangoni mwa zizi. Mama yetu alikuwa amesimama na kibuyu, anagawa maziwa: ya wagonjwa, ya mjane, ya watoto, na hakuna aliyewahi kulala na kinyongo kwa mgawo wake. Baba akasema, "Muite Waziri. Inchi haina, lakini hii nyumba inaye."

Wakubwa walicheka sana. Mimi jina nikalishika, kicheko nikakisahau.

Nikasimama.

"Mama, kaa chini," mkuu wa shule akasema. "Wazazi hawazungumzi."

Yule mzee akasema, "Muache aseme, mama huyu ni mutu ya ng'ombe."

Nikasema: "Mtoto hakukosa. Aliniambia huyu hayumo, nikamfunga mdomo kwa kiburi cha uzee. Yule hakuwa waziri wa leta. Yule ni mama yangu." Nikawaeleza kama nilivyowaeleza nyie.

Mzee akauliza, "Na hiyo ng'ombe ilikufa aje?"

"Uzee, mzee. Haikuchinjwa."

"Muzuri."

Mkuu wa shule akamgeukia Asifiwe. "Basi rekebisha."

Asifiwe akapumua. "Ninamtoa kwenye listi ya serikali. Miaka ile Kongo haikuwa na waziri mkuu, rais alishika yote. Na babu wa mama yangu alijua, ndiyo maana akasema vile." Akanitazama. "Halafu sasa hivi waziri mkuu ni mwanamke. Babu aliwatangulia."

Mwalimu yule aliyemkamata akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akapangusa macho.

Wiki mbili nikisali. Halafu simu ikalia: Asifiwe aje na godoro lake.

Nililia, sitaki kudanganya. Nilipiga magoti pale pale kati ya mistari ya maharage.

Haikuishia hapo. Yule mzee aliomba namba yangu kwa shule. Akapiga. "Mama, ng'ombe yangu imezaa jike. Nataka jina ya waziri mukuu wenu wa leo. Lakini wewe ndiyo utakuja kumuita."

Siku ya kutembelea wanafunzi nikaenda. Zizi lake halipo mbali na shule. Nilipoona zile pembe ndefu zinarudi na vumbi lake, harufu ile ile ya mavi mabichi na maziwa, nilisimama mlangoni kama baba.

Nikaita. Toka wa kwanza. Asifiwe kasimama pembeni yangu na yunifomu yake anaitikia.

"Ilikufa!"

"Ilikufa!"

"Ilikufa!"

Nilipomaliza mwanajeshi nikapita moja kwa moja. Akanivuta kitenge.

"Koko, umeruka mumoja."

"Si tulimtoa?"

"Kwa listi ya leta. Hapa si kwa leta. Hapa ni ku zizi."

Nikamuita Waziri.

Asifiwe akanishika mkono, akajibu kwa sauti mpaka ng'ombe zikainua vichwa: "Iko!"

Nikaendelea, mapacha, wa wakati wa vita, hao wa simu, mpaka yule ndama mdogo mwenye miguu bado inatetemeka. "Iko!" Safari hii na mzee aliitikia, na wachungaji wake.

Basi wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mimi mzee nilikuwa na haki ya kukumbuka, sikuwa na haki ya kumfunga mtoto mdomo. Kama una mjukuu na simu, na wewe una kichwa, wekeni pamoja, kila mmoja amsahihishe mwenzake.

Nashukuru ardhi hii ya Uganda iliyonipa fasi ya maharage. Namshukuru mwalimu aliyetukamata kwa haki. Namshukuru mzee wa watu. Na baba yangu, aliyekuwa anataja hata waliokufa.

Sasa na nyie semeni. Nyumbani kwenu siasa mulifundishwa na nini? Na wenye kujua mawaziri wa Kongo, kama nimeruka mmoja, niambieni. Ila kwa adabu. Mimi nina fimbo.