Siri Aliyoitoa Mama Meno

Walimwita Mama Meno, ingawa hakuwa na mtoto. Kwa miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyetengeneza meno ya bandia katika karakana nyuma ya kliniki. Alimwaga plasta ya kutoa umbo la fizi, akapanga jino moja moja juu ya nta, akipinda hili na lile kidogo ili yasionekane ya dukani. Wazee walitoka pale wakicheka hadi jino la mwisho, bila kujua ni kazi ya nani.

Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa karani wa mapokezi. Waliitana shoga, wakala mchana bakuli moja. Karani alipofiwa na mama yake, Mama Meno alihamia kwao siku nne, akapika na kufua. Siku ya mwisho, wakiosha vyombo, alimwambia jambo ambalo hata dada yake hakulijua.

"Yule mwanamke mshonaji ninayeishi naye si binamu yangu. Tunapendana. Huu mwaka wa saba."

Karani aliendelea kusugua sufuria, kisha akacheka. "Shoga, kwani mimi kipofu? Litabaki humu humu." Akajigusa kifua.

Mwaka uliofuata mkuu wa karakana alistaafu. Daktari mwenye kliniki alikuwa amemwahidi Mama Meno nafasi ile mbele ya watu. Lakini Jumatatu alimwita ofisini, macho yakiwa mezani.

"Nafasi nimempa shemeji yake karani. Na wewe, afadhali utafute pengine. Wagonjwa wakisikia habari za huyo binamu asiye binamu, hawatakubali mikono yako vinywani mwao."

"Daktari, sijawahi kutia kidole kinywani mwa mgonjwa. Mimi nashika plasta."

"Ndiyo hivyo."

"Na nani kakuambia?"

"Karani. Alikuja mwenyewe, akaniomba nifikirie jina la kliniki."

Huyo shemeji alikuwa mwanagenzi pale karakana, na ni Mama Meno mwenyewe aliyemfundisha kuchanganya plasta.

Alipita mapokezi na boksi la vifaa vyake. Karani alisema kwa sauti ya chini, "Waliniuliza, shoga. Ningesemaje?"

"Nani alikuuliza? Daktari amesema ulijipeleka."

Karani akanyanyua simu ambayo haikuwa imelia. "Kliniki, habari za asubuhi," akasema.

Nyumbani mshonaji alilipokea lile boksi, akamkalisha. Mama Meno alilia mpaka kwikwi ikamshika. "Kazi nitapata," alisema. "Lakini nilimfulia nguo za msiba, na moyoni mwake nilikuwa wa kuuzwa."

Kazi alipata kweli, kwa daktari mwingine ng'ambo ya mji. Wenzake wapya wanamsifu mkono wake, wanamkaribisha mezani. Hushukuru, kisha huenda kula peke yake, karibu na mashine ya kung'arishia meno, mahali ambapo kelele hairuhusu mtu kuuliza swali.