Jasho Lililolegeza Barakoa

Naitwa Getruda, mkulima wa kahawa wa Mpepai. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa nguvu. Nilibeba bomba la dawa ya wadudu mgongoni nikapanda nalo mlima bila kupumzika. Barakoa nilikuwa nayo, ile ya mpira yenye vichujio viwili. Niliamini nikishaivaa, sumu haina pa kupita.

Siku hiyo tulichelewa kuanza, mimi na baba mkwe wangu, na jua lilikuwa kali. Jasho lilinitiririka usoni likatuama kidevuni, ndani ya barakoa. Mpira ukawa unateleza. Nikiinama unashuka, nikihema unaachia pembeni mwa pua. Nikawa naupandisha kwa glovu ileile iliyolowa dawa. Harufu niliisikia. Nikajiambia, imebaki mistari miwili tu ya kahawa.

Sikuimaliza. Kifua kilibana. Macho yakaingia ukungu, mate yakanitoka mfululizo, nikatapika, nikajiharishia. Nyama za mapaja zikawa zinachezacheza zenyewe. Nilitaka kuita, sauti haikutoka. Nilijua nakufa, na watoto wangu wako shuleni hawana habari.

Baba mkwe alinikuta chini. Kwetu mkwe hata mkono hakupi. Akasimama kidogo, kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu." Akanivua nguo zote, akanimwagia maji ya ndoo mwili mzima, akanifunika koti lake. Ndipo akaita pikipiki.

Hospitalini walinichoma sindano baada ya sindano, wakaniwekea oksijeni. Kila nilipovuta pumzi niliogopa kwamba inayofuata haitakuja.

"Nani alimvua nguo?" daktari aliuliza.

Mzee aliinamisha kichwa. "Ni mimi."

"Ungemleta nazo, sumu ingeendelea kuingia kwenye ngozi. Tungempoteza njiani."

Niliporudi nyumbani nilipiga magoti mbele yake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unapumua vizuri?"

"Napumua."

Machozi yalinitoka.

Nasimulia haya kwa ruhusa yake. Mpaka leo harufu ya dawa hunitetemesha. Ndugu zangu, pigeni dawa asubuhi kukiwa na ubaridi. Uso ukilowa jasho, ondoka kwanza shambani, vua glovu, nawa, kausha uso na ndani ya barakoa. Vaa upya, ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi. Barakoa isipong'ang'ania uso, usirudi kwenye dawa. Na ukimkuta mtu ameanguka na sumu mwilini, vaa glovu, mvue, umwoshe, hata kama ni mkweo.